Vijiti Nilivyovificha Chini ya Kitanda

Ipo siku moja siisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka masikio yanapata moto kwa aibu. Ilikuwa Kitale, mvua inanyesha tangu asubuhi, nami nimekaa kitandani katika chumba nilichopanga kwa bibi mmoja, Shosho Nyambura, nimezungukwa na vijiti vya plastiki kama mtoto anayecheza. Vizuri naweka kwenye boksi. Vibaya natia kwenye gunia na kulisukuma chini ya kitanda. Ungeniuliza nafanya nini, ningekujibu bila haya kwamba nawaandalia wageni.

Leo mnaniita mzee, ati kwa sababu ya hizi mvi. Wakati huo nilikuwa mhadhiri mchanga, suruali imepigwa pasi, najiona nimefika. Chuo chetu kilikuwa kimeungana na chuo kimoja cha Ujerumani ili tujifunze pamoja malighafi za ile mashine ya kuchapa vitu. Wewe umezaliwa ukaikuta: inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka hadi kitu kisimame, kama mama anayekandika ukuta wa udongo. Sisi tulitaka uzi wetu wenyewe. Wenzetu walileta plastiki inayotokana na wanga wa mahindi, sisi tukasaga magunzi yanayotupwa kila msimu hapa Trans-Nzoia, tukachanganya. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza vijiti vya majaribio kwa uzi huo na kuvituma Ujerumani, wavivunje kwa mitambo yao, wavitazame ndani, watuambie vina nguvu kiasi gani. Makubaliano yalikuwa mepesi: tuma vyote, vizuri na vibaya.

Sasa, mimi ni mtoto wa Matulo. Kwetu mgeni akionekana njiani, kuku hana bahati. Mgeni analalia godoro zuri, anakunywa kwa kikombe kisicho na ufa, na blanketi lililochanika linafichwa kwa jirani. Nililelewa hivyo na sijutii. Kosa langu ni kwamba adabu ya sebuleni niliipeleka mpaka maabara. Vijiti vingine vilikuwa vigumu kama mfupa. Vingine, hasa vya miezi ya mvua, ukivikunja kidogo vinakatika kama biskuti. Nikajiambia, nitawatumiaje wazungu wa watu takataka? Watasema nini juu yetu? Basi nikachagua. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sifa zikaja, mkuu wa idara akawa ananipigapiga begani kila tukikutana, na jina langu likawa la kwanza kwenye orodha ya wale wa kwenda kusoma kule. Raha iliyoje!

Lakini kazi hii ilikuwa na mtu wake. Dada yangu Nekesa, binti wa baba mkubwa, alikatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya trela ya miwa. Mguu wa bandia aliokuwa nao ulikuwa wa zamani, mzito, na kile kikombe cha kuingizia kigutu kilimchuna mpaka damu. Alikuwa akiuza vitunguu soko la Kamukuywa. Akaacha, akawa mtu wa kukaa nyumbani Matulo akihesabu magari barabarani. Mradi ulipotafuta mtu wa kwanza wa kutengenezewa kikombe chepesi kwa uzi wetu, nikamtaja yeye. Na barua ikaja: kwa vijiti mnavyotuma, mko tayari. Daktari Anke, mama aliyeongoza upande wa Ujerumani, angefika mwezi ujao, na tungemchapia Nekesa kikombe chake.

Kwa hiyo siku ile ya mvua nilikuwa naandaa boksi la mwisho. Shosho Nyambura akaingia na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe ya moto, bila kubisha, maana nyumba ni yake. Mama huyu alikuja Kitale na wazazi wake kutoka Nyeri akiwa msichana, akalima mahindi na kuyauza mpaka akasomesha watoto sita, na ulimi wake haujawahi kuchukua likizo.

"Wafula, hizi unasukuma huko chini ni za nini?"

"Ni mbaya, Shosho. Si za kutuma."

"Na wale wazungu wanajua ziko?"

"Shosho, mgeni hapewi kitu kibaya."

Akaweka sufuria mezani, akainama, akatoa kijiti kimoja guniani. Ta! Kikakatika kwa vidole vya mama mzee.

"Si ulisema ni ya mguu ya dada yako?" akaniuliza. "Sasa yeye atavaa gani, ya boksi ama ya gunia?"

Akajikalia kwenye kiti changu, ambacho kilikuwa kimoja tu.

"Mimi nimeuza mahindi miaka mingi, kijana wangu. Kuna watu wanapamba gunia, juu kavu, chini imeoza. Ndio maana mnunuzi anakuja na bambo, ile chuma ya kudunga gunia aone ya katikati. Lakini hawa watu wako hawana bambo, bana. Wanakuamini tu. Na ni wageni gani hao? Si wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Hawa ni mwaka wa pili, na wewe bado unawachinjia kuku!"

Unadhani nilishukuru? Wapi! Nilimwambia, tena kwa sauti ya darasani, kwamba haya ni mambo ya sayansi, hayafanani na mahindi. Akacheka, akasema githeri inapoa, akaenda zake. Sijui mwalimu gani alinifundisha kumjibu mama wa watu hivyo, lakini nilimjibu, na lile boksi ningelifunga na kulituma kama si safari ya Jumamosi.

Jumamosi nilishuka Matulo kuchukua vipimo vya mguu wa Nekesa. Nikamkuta amefua leso yake ya sokoni, ameianika uani. Alikuwa ameshawatangazia akina mama wa kanisa kwamba mwezi ujao anarudi Kamukuywa, na kwamba atatembea kutoka stendi mpaka kibandani kwake bila gongo. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, namzungushia utepe, nikamuuliza kwa mzaha kama haogopi kukanyagia kitu kigeni.

"Niogope nini?" akasema. "Si ni wewe umetengeneza? Hiyo nitakanyaga na uzito yangu yote. Hata ukuta sishiki."

Nililia, mwanangu. Nilijifanya nafuta jasho, lakini nililia. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa sijasikia la mkuu, na guu la kuvunjika halikuwa langu. Hata hivyo siku hiyo sikuwa na ujasiri wa kumwambia kitu. Nilimaliza kupima, nikanywa chai yake, nikarudi Kitale na moyo mzito.

Boksi sikulituma. Daktari Anke alipofika, sikungoja hata akaribishwe chai. Nililivuta lile gunia mpaka maabara nikalimwaga mezani mbele yake na mbele ya mkuu wa idara, vipande vikasambaa mpaka sakafuni, nikasema yote. Mkuu wa idara aliniuliza kama najua nimekiaibisha chuo kizima. Nilijua. Daktari Anke alivuta kiti, akaanza kuokota kimoja kimoja, akaona kwamba kila kijiti nimekiandika tarehe kwa kalamu. Mke wangu hunitania mpaka leo kwamba mimi ni mwizi anayetunza risiti.

Hatimaye Daktari Anke akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Nina mwanafunzi kule ambaye vijiti vyake vinakatika hivi hivi. Amerudia kazi miezi mingi. Kila akitazama vyako vizima, anadhani yeye ndiye hajui. Alitaka kuacha masomo." Akaweka kijiti mezani. "Wafula, nilidhani tunafanya kazi pamoja."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ukali wote wa mkuu wa idara. Mimi nilidhani naficha udhaifu wangu tu, kumbe namnyima usingizi mtoto wa watu nisiyemjua, ng'ambo ya dunia.

Tulivipanga kwa tarehe, na jibu likajitokeza lenyewe: vya kiangazi vizima, vya mvua vinakatika. Unga wetu wa magunzi ulikuwa unanyonya unyevu. Na Kitale, ukitaka kujua habari za unyevu, unamuuliza nani kama si muuza mahindi? Nilirudi kwa Shosho Nyambura nimeufyata, Daktari Anke nyuma yangu. Alitutazama, akaguna, akaleta chupa. Akatia mahindi na chumvi kavu, akatikisa. Chumvi ikashika ukuta wa chupa. "Hii bado mbichi," akasema. Akaleta mahindi mengine, chumvi ikaanguka chini yote. "Hii ni kavu. Ni ngumu hiyo?" Daktari Anke alikuwa anaandika mbiombio kwenye daftari. Mitambo ya kupima unyevu tulinunua baadaye, lakini hakuna magunzi yaliyosagwa kwetu bila vipande vyake kwanza kupita kwenye chupa, na mabichi yalirudishwa juani.

Nisikudanganye kwamba mambo yaliisha kwa vigelegele. Nafasi yangu ya kwenda kusoma alipewa mwenzangu, na ilikuwa haki. Nekesa alingoja karibu mwaka mzima. Nilipomweleza sababu hakunipigia kelele. Alisema tu, "Ungeniacha nianguke sokoni, Wafula?" Kisha kwa miezi miwili hakushika simu yangu, mpaka mama yake alipotuita na kutukalisha chini. Kikombe kilipokuwa tayari nilimpelekea mwenyewe. Alikigeuzageuza mikononi, hakukivaa.

"Hii mmevunja ngapi?" akauliza.

"Nyingi, dada. Mpaka tukachoka kuvunja."

"Basi sawa," akasema, akakivaa, akasimama.

Mwanangu, nasikia nawe umechaguliwa, utafanya kazi na vyuo vya mbali, na nimefurahi mno, we acha tu. Wapende wale watu. Wakija kwetu, wachinjie kuku kama tulivyofunzwa, mama zako watakusaidia. Lakini mkishaingia kazini, kilichokushinda kiweke mezani kwanza, kabla ya kile kilichokubali, na ukiandike tarehe. Usione haya ya kwetu mbele yao. Mficha uchi hazai, na nao kule wana uchi wao, wanangoja mtu wa kuanza kusema. Na mama mzee akikwambia kitu ambacho hakimo kitabuni, mjibu vizuri kuliko nilivyomjibu mimi.

Nenda salama. Mungu akupe wenzako wasiochoka kukuuliza, akupe na mdomo wa kusema ukweli ungali mapema. Na kila kitakachovunjika katika kazi yako, Mwenyezi Mungu akijalie kivunjike mikononi mwako, kisivunjike chini ya mtu aliyekuamini.