Sukari Niliyompa Kaka Malimi

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa Jumamosi, miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huria, na kaka yangu Malimi alikuwa anakuja kunitembelea Igogo. Nyumba yangu ilikuwa juu kabisa kwenye mawe, na kutoka barabarani ilibidi upande kwa miguu. Nilikuwa kibarazani, nikamwona anavyokuja. Alisimama mara ya kwanza, akashika jiwe, akahema. Akasimama mara ya pili. Mara ya tatu akakaa chini kabisa, juani, na mlango wangu anauona.

Huyo ndiye Malimi aliyekuwa akibeba samaki pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, tangu alfajiri hadi mchana. Alibeba sangara wenye urefu wa mtoto wa darasa la pili, mmoja bega hili, mwingine bega lile, ili mimi mdogo wake nikae shuleni. Ualimu wangu wa biolojia niliupata kwa mgongo wake. Kisha biashara ya sangara ikapamba moto, viwanda vya minofu vikafunguliwa, naye akawa wakala. Akaacha kubeba. Akawa anakaa kwenye kiti karibu na mzani kutwa nzima, wengine wakimbebea. Sote tulishukuru. Wahenga walisema chumia juani, ulie kivulini, nasi tukaona kivuli chake kimefika.

"Mwalimu," aliniambia alipofika, maana hata yeye aliniita hivyo, "mimi nachoka. Nalala nimechoka, naamka nimechoka. Au nimerogwa?"

Ningemuuliza anakula nini na anatembea kiasi gani, leo ningekuwa na hadithi nyingine. Sikuuliza. Nilichukua daftari nikamchorea seli, na ndani yake nikachora vitu virefu kama punje za maharage.

"Hizi zinaitwa mitokondria," nikamwambia. "Ndizo jiko la seli. Zinachoma sukari, wewe unapata nguvu. Ukichoka, ujue jiko limeishiwa kuni. Ongeza sukari, kaka."

Niliyasema kwa sauti ya darasani, huku najisikiliza mwenyewe. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu na sikuwahi kujiona mjinga.

Usinicheke, mwanangu. Sisi ni watu tuliopanga foleni ya sukari. Ilikuwepo miaka ambayo kilo moja iligawanywa kwa vikombe, na mgeni akija unamwomba radhi kwa chai isiyo na kitu. Basi maduka yalipojaa, soda kreti kwa kreti, biskuti, mikate myeupe, tuliona utamu ndio mapenzi yenyewe. Ukimpenda mtu, unamfungulia soda. Nilimfungulia kaka yangu mbili palepale, na wakati wa kuondoka nikampa kopo la glukosi aende nalo kazini.

Mama yetu alikuwa uani akipika siku hiyo. Alikuwa amekuja kutoka Misungwi na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo mimi niliona haya kuwawekea wageni wangu. Alisikia somo langu lote. Akaniita nje kwenye mafiga yake.

"Njoo uone jiko, Mwalimu," akasema.

Akachukua kuni akazishindilia chini ya sufuria mpaka zikabanana. Moto ukafifia, moshi ukajaa uani, tukaanza kukohoa. Kisha akachomoa kuni tatu, akaziweka pembeni, na moto ukawaka tena.

"Jiko halikukosa kuni, ng'wana wane, mwanangu. Limeshindiliwa. Kaka yako anakaa kutwa, hatembei, unamwongezea kuni za nini? Mpe maji. Mpe mlenda na dagaa. Mwambie atoke kwenye hicho kiti."

"Mama," nikamjibu, "hii ni sayansi."

Malimi, aliyekuwa amenifuata uani, akacheka ili kunifurahisha. Mama akarudi kwenye sufuria yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika halikuwa langu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kaka yangu alinitii kama mwanafunzi mwema. Kila asubuhi alikoroga vijiko vya glukosi kwenye glasi. Mchana soda mbili, wakati mwingine tatu, na mkate au chipsi, palepale kwenye kiti. Uchovu ulipozidi, akazidisha glukosi, kwa sababu mdogo wake msomi alisema. Tumbo likatoka. Sisi tukamsifu, "Bosi, umenawiri!" Siku zile kitambi kilikuwa cheti cha kufaulu maisha, nami nilikuwa wa kwanza kukipigapiga na kucheka.

Miaka kadhaa ikapita hivyo. Halafu nikaona macho yake yamekuwa ya njano na miguu imevimba. Majirani wakaanza kunong'ona. Kwetu ugonjwa wa ini ulikuwa ugonjwa wa walevi, na Malimi alikuwa mtu wa kanisa ambaye hata pombe ya komoni ya harusini hakuigusa. Mimi, badala ya kumtetea, nilikwenda kwake Kirumba, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Kaka, niambie ukweli. Unakunywa kwa siri?"

Aliniangalia usoni. "Mimi, Mwalimu?" akasema. Hakukasirika. Heri angenipiga kofi.

Nikampeleka hospitali. Tulimkuta daktari mmoja mama wa makamo, mtu wa Bukoba, mwenye maneno machache. Alimpima kwa siku mbili. Sukari ilikuwa juu mno, ini limekakamaa, na magonjwa mengine ya ini waliyoweza kuyapima hawakuyaona. Akamuuliza kuhusu pombe, Malimi akasema hanywi, na yule mama akamwamini mara moja. Mgeni alimwamini kabla yangu mimi wa tumbo moja naye.

"Unakunywa nini basi?"

Malimi akataja soda zake, chai yake, na glukosi yake ya kila asubuhi. Daktari akaweka kalamu mezani. Nilikuwa nimemwambia kazi yangu, kwa hiyo akanigeukia.

"Wewe mwalimu wa biolojia utanielewa," akasema. "Mitokondria hazichomi kwa sababu umezilisha. Zinachoma kwa kadiri mwili unavyofanya kazi. Mtu amekaa, sukari inamiminika tu. Ini linaigeuza kuwa mafuta na kuyaweka ndani yake. Mitokondria zikielemewa zinatoa taka, na taka hizo zinaliunguza ini polepole, miaka na miaka, bila kelele. Angekuja mapema tungelirudisha ini katika hali yake kwa chakula na kutembea. Sasa limejaa makovu."

Nikaukumbuka moshi wa uani kwangu. Mama hakusoma hata darasa moja.

Kisha daktari akamuuliza Malimi, "Nani alikushauri kunywa glukosi kila siku?"

Mwanangu, chumba kile kilikuwa kidogo, tulikaa magoti yakikaribia kugusana. Kaka yangu hakunitazama.

"Hakuna mtu, daktari," akasema. "Mimi mwenyewe tu. Napenda vitu vitamu."

Nami nikanyamaza. Mdomo huu uliozoea kufundisha vipindi vinane kwa siku ulishindwa kusema kwamba ni mimi. Nilinyamaza pale, nikanyamaza njiani tukirudi Kirumba, nikajiambia nitamwambia akipata nafuu. Hakupata nafuu. Alikufa kabla masika hayajaisha, tukamzika Misungwi. Msibani mama alikuwa akipika uji wa waombolezaji. Moto ukafifia, akachomoa ukuni mmoja, ukawaka. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikiutazama.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekua sasa, tunaishi naye nyumba moja.

Basi sikia ninachokuachia. Mtu akikwambia amechoka, usikimbilie kumpa kitu kitamu. Muulize amekula nini, amelala vipi, ametembea wapi, kisha mpeleke akapimwe. Chakula ambacho bibi yako alikipika usikionee haya mbele ya wageni. Maji yanakata kiu, soda iache iwe ya sikukuu. Ukipata kazi ya kiti, mshukuru Mungu, lakini jioni uinuke utembee, upande milima yetu hii, maana zile mitokondria huongezeka kwa anayezitumia na hupungua kwa anayezilaza. Ini halina sauti, kwa hiyo usingoje likuite. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo hakuna fundi wa kuzijenga. Na mgonjwa usimhukumu kwa minong'ono ya majirani. Kaka yangu alikufa akijua kwamba nilimshuku.

Ukisoma kitabu, usome hadi ukurasa wa mwisho kabla hujamfundisha mtu unayempenda. Mimi nilikuwa na nusu ya somo, na ile nusu nyingine ilikuwa uani, kwenye moshi, mikononi mwa mama yangu.

Ni mimi, daktari. Mimi ndiye niliyemshauri.

Haya, mwanangu. Mungu akupe miguu ya kuupanda mlima wa Igogo bila kukaa njiani. Akupe wazee wa kukukemea, na masikio ya kuwasikia. Na siku utakapomkosea ndugu yako, maana utamkosea, akufungue mdomo useme wakati bado yuko mbele yako.