Nilimkana binti yangu uwanjani, na Jumamosi ni fainali

Admin, nifiche kabisa, hata herufi ya kwanza ya jina usiweke, maana Wakenya wa Maryland tunajuana mpaka rangi za magari. Mimi ni mama wa miaka arubaini na saba, naishi Lanham, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Nina binti mmoja tu wa miaka ishirini, anasoma chuo kule Annandale. Baba yake alituacha kitambo, kwa hivyo ni mimi na yeye.

Tulipohamia hapa kutoka Minnesota nilijiunga na kanisa la Kiswahili, na mdomo wangu huu ukaniponza. Niliwatangazia kina mama wa fellowship kwamba binti anasomea unesi. Wakati huo ilikuwa kweli. Wakamwombea, wakamnunulia yunifomu na kile kifaa cha kusikiliza moyo, wakanipa nimpelekee kwa sababu yeye haji kwetu, anasema ibada yetu ni ndefu. Wanamjua kwa picha moja tu ya status yangu, amevaa wigi na joho la kumaliza high school. Basi muhula mmoja tu, akaacha unesi. Akahamia masomo ya mambo ya michezo, na akaanza kucheza mpira wa Waairishi. Mimi sikuwaambia kina mama. Kila Jumapili wanamwombea mitihani ambayo hafanyi, na mimi naitikia amina, tena kwa sauti.

Huo mpira, kwa wasioujua, wanaudaka kwa mikono, wanaupiga teke, wanagongana mabega bila huruma. Ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, ukiingia wavuni ni tatu. Msimu huu wamekuwa kwenye kombe la kanda yetu, la mtoano, ukishindwa mara moja umeenda nyumbani. Timu yao hakuna aliyeitarajia kufika mbali, lakini wakaitoa timu ya kwanza, wakaitoa ya pili. Binti anarudi magoti yamechubuka, jicho limevimba, na anacheka! Mimi nafoka, "Nilivuka bahari ndio uje kugaragara kwenye matope na kaptura?" Yeye ananijibu kwa Kizungu, kama watoto wetu wote, eti mama njoo uone mara moja tu.

Nusu fainali nikaenda bila kumwambia, nimshtukize. Nikasimama kando ya mstari, nikamwona anavyoruka kudaka mpira juu ya vichwa vya wasichana warefu kumliko. Jamani, nilijivuna! Nilikuwa nimefungua mdomo nipige kigelegele ndipo nikasikia nyuma yangu, "Wee! Kumbe na wewe umeletwa huku na mgonjwa?"

Alikuwa Mama Tony, mwenyekiti wetu wa fellowship, anasukuma kiti cha magurudumu cha mzee wa Kiairishi anayemtunza. Mzee huyo hakosi mechi. Nikasema ndiyo, niko kazini, mgonjwa wangu ameenda chooni. Nilidanganya hata kabla sijafikiria.

"Umemwona huyo msichana wetu mweusi?" akaniuliza huku anacheka. "Hiyo pua si ni yako kabisa! Kama singejua wako yuko hospitali kwa mafunzo ya unesi, ningeapa ni yeye."

"Ai, huyo simjui," nikasema. Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini nikaongeza, na kicheko juu, "Wangu hawezi kukimbia na kaptura mbele ya wanaume hivyo. Huyo atakuwa hana mama wa kumfunza."

Mpira ulikuwa umetoka nje pale pale. Binti yangu alikuwa ameinama kuuweka chini aupige, karibu na magurudumu ya kile kiti. Sisi wazazi wa huku tunasahau kwamba watoto wanaojibu Kizungu wanasikia Kiswahili chote. Akainua uso, akaniangalia, kisha akaupiga mpira akaondoka. Walishinda kwa pointi moja. Wenzake walimrukia na kumkumbatia, yeye hakutabasamu. Mimi nilikimbilia gari kama mwizi.

Jioni aliniongelesha Kiswahili, jambo ambalo hajafanya tangu awe mdogo. "Nilikusikia, Mama. Usikuje fainali." Aliongea polepole, bila kelele. Heri angenitukana. Nimemwomba msamaha nikiwa nimesimama mlangoni kwake, ananijibu kwa Kizungu kwamba hakuna shida, na anafunga mlango. Sasa anapita jikoni kama mpangaji.

Juzi Mama Tony akanipigia simu, sauti imejaa machozi. Kumbe siku ile baada ya mechi alimfuata yule msichana kumpongeza. "Nikamuuliza, mama yako yuko wapi nimsalimie? Akaniambia kwa Kiswahili safi, sina mama. Dada, nililia! Na wewe ulikuwa umesema tu kwa kubahatisha!" Amewaambia kina mama wote. Jumamosi wanakuja fainali na vitenge sare na chapati, wamshangilie huyo yatima wa watu. Na wamenichagua mimi niongoze vigelegele, kwa sababu sauti yangu inafika mbali. Nikakubali. Ningesema nini?

Nikikaa nyumbani, atashangiliwa na wanawake wote wa kanisa isipokuwa aliyemzaa. Nikienda, itabidi nimpigie vigelegele kama mtoto wa mtu mwingine, na yeye ananiangalia. Na nikifungua mdomo niseme ukweli, nitamharibia siku aliyoipigania msimu mzima, nayo aibu ni yangu, si yake.

Ninyi mliozaa, nishikeni mkono, nifanye nini kabla ya Jumamosi? Msiniambie niombe tu. Nimejaribu, nikifika kwenye jina lake nashindwa kulitaja.