Kunde Zilizooshwa Mara Tatu

Truphena Bitutu alikulia nyuma ya kibanda cha mboga cha mamake, soko la Oyugis, na mikono yake haijawahi kuona jani bila kulitafutia maji. Sasa ni fundi wa maabara katika shule moja ya kutwa, kwa kandarasi ya majaribio inayoisha Ijumaa. Mwalimu mkuu hakumficha: afisa wa elimu akija Jumatano akute jaribio la rangi za majani limekufa, yeye arudi sokoni.

Jumatano saa mbili asubuhi lilikuwa limekufa. Alikuwa ametwanga majani ya kunde, akadondosha utomvu kwenye karatasi ya kuchuja, akaisimamisha kwenye gilasi yenye kiyeyusho, kimiminika cha kupandisha rangi. Badala ya rangi kupanda na kuachana njiani, doa moja la kijani lilikaa pale chini kama shemeji aliyeambiwa chakula kinaiva.

Omosa, mwalimu wa bayolojia, akachungulia. "Dada, hizi kunde uliziosha?"

"Mara tatu, Mwalimu. Zilikuwa na vumbi."

"Na chumvi uliweka pia, kama mboga ya ugali? Maji yanaharibu hii kitu. Kiyeyusho kimebaki cha mara moja tu, na afisa wa elimu, Madam Edith, yuko langoni anatia sahihi kitabu cha wageni."

 Truphena akakimbia nyuma ya jikoni, akachuma jani bichi la kunde, lisilooshwa. Mkono ukaelekea mferejini wenyewe, akaurudisha. Chuoni waliwahi kuonyeshwa njia ya wasio na kinu: jani juu ya mstari wa penseli kwenye karatasi, kisha sarafu ibingirishwe juu yake kwa nguvu. Akabingirisha hadi vidole vikauma.

Madam Edith alikuta karatasi imeshasimama gilasini. Truphena alihesabu pumzi zake. Rangi ya chungwa ikachomoka na kupaa, ikafuatwa na njano. Kijani kikabaki kimoja, kinene.

"Naona tatu," Madam Edith akasema. "Nilitarajia nne."

"Ipe muda, Madam," Omosa akajibu, jasho likimtoka kuliko Truphena.

Kijani kikapanda polepole, kikasita, kikapasuka: chenye ubuluu juu, chenye unjano chini. Truphena akaitoa karatasi, akazihesabu kwa kidole: nne.

"Kazi nzuri. Lakini jani lina vumbi, fundi."

"Ndiyo maana limekubali, Madam."

Ijumaa alipewa kandarasi ya mwaka. Jioni, nyumbani, akaosha sukuma wiki mara nne.