Nywele za Saluni Shambani kwa Mama

Mimi ni kinyozi. Saluni yangu iko Tukuyu, karibu na soko, na kila jioni nafagia nywele za watu na kuzitupa. Siku mteja mmoja aliponiambia kwamba nguruwe pori hawapendi harufu ya binadamu, kwamba ukimwaga nywele pembeni mwa shamba hawasogei, nilijiona nimeokota dhahabu.

Mama yangu anaishi peke yake Kawetele. Ana shamba la magimbi na viazi linaloteremka hadi kijitoni, na msimu ule nguruwe walikuwa wanatoka msituni kusumbua kijiji kizima. Washenzi wale hawali tu, wanalima! Asubuhi unakuta udongo umepinduliwa na migomba michanga imelala chini. Basi nikajaza nywele viroba viwili, nikapanda bodaboda, nikazimwaga kuzunguka shamba lote, mchana kweupe.

"Za nani hizi?" mama akauliza.

"Za wateja, mama. Wewe tulia."

Dawa ilifanya kazi, na balaa likaanzia hapo hapo. Nguruwe walifika mpakani, wakanusa, wakageuza, wakahamia kwa jirani. Walipomaliza viazi vyake wakavuka kwa mwingine. Shamba la mama likabaki kijani, peke yake.

Mama ni mjane, mzee, na moshi wa kuni umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Unajua watu wanavyosema. Walianza kwa kunyamaza akifika bombani kuchota maji. Kisha nywele zikaonekana. Nywele za watu, zimezungushwa shambani kwa kikongwe! Jumapili moja mwenzake wa kwaya akamwambia mbele ya watu, wakitoka kanisani, "Mama, nguruwe wako wanakuheshimu sana."

Nguruwe wako! Niliposikia, mashine iliniponyoka, ikachora njia kichwani kwa mteja. Niliogopa, sifichi. Kina mama wazee wameitwa wachawi na kufukuzwa makwao kwa maneno madogo kuliko hayo.

Nilipanda Kawetele kugombana. Mama akanizuia mlangoni.

"Wewe ukigombana utarudi zako Tukuyu. Mimi nitabaki nao hapa."

Akawaita majirani yeye mwenyewe. Tukazikusanya nywele mbele yao, pamoja na tope na majani, tukazichoma. Zilinuka, jamani! Nikaeleza habari ya saluni, nikarudia, nikarudia tena. Wengine walikaza nyuso. Mzee mmoja Mwislamu, mwenye duka pale njia panda, akasema, "Mimi ndiye ningelalamika. Nguruwe wananilia shamba, na mimi kuwala siwezi." Watu wakacheka kidogo, wakaondoka bila kuaga.

Sasa ikabaki nguruwe waje kwetu pia, ndipo watu waamini. Hawakuja. Kila asubuhi, kabla sijafungua saluni, nilipiga simu.

"Wamekuja?"

"Bado."

Pengine harufu ilikuwa bado imo udongoni. Kiti hakikaliki, namnyoa mtu masikio yako kwenye simu. Mimi niliyewalaani nguruwe hao nikawa nawabembeleza kimoyomoyo: njooni basi, mashetani nyie, magimbi yapo. Mvua ikanyesha mfululizo, nikaishukuru kila tone.

Asubuhi moja hakupokea; baadaye simu ikaita nikiwa nimeshika kichwa cha mtu.

"Mwanangu, tumeliwa!"

Sauti ya mama ilikuwa ya mtu aliyepata mjukuu. Magimbi yote yamefukuliwa, akasema, viazi havikubaki hata vya mbegu, na yule wa kwaya ndiye aliyefika wa kwanza, na mkungu wa ndizi kichwani. Nyuma yake nikasikia wanawake wengi wanaingia uani. Pole, mama. Pole sana. Na yeye akimjibu kila mmoja, "Ndaga. Ndaga fijo," asante, asante sana.

Alisahau kukata simu. Nikamwomba mteja anisubiri, nikakaa chini kwenye nywele ambazo sijazifagia, nikasikiliza mama yangu akipewa pole.