Hereni za Ng'ombe Zimenipeleka Hadi Boma la Baba Mdogo

Admin, nakuomba ufiche jina langu na uirushe stori hii kabla ya Ijumaa. Na ninyi mtakaosoma, mkihisi mnanijua, tafadhali nyamazeni, msimsimulie mtu yeyote wa Tarime. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha kwa sababu naogopa.

Mimi ni kijana wa kiume, miaka 24, karani wa ushirika wa wafugaji. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na baba mdogo mpaka nikamaliza chuo.

Ndugu zetu, wazaliwa wa huku wanaoishi nje ya nchi, walituletea hereni za ng'ombe walizozibuni wenyewe. Ukimvika ng'ombe, simu inaonyesha alipo. Waliniagiza nisimwambie mtu, wezi wasije wakazikata. Watu wakadhani ni za namba tu, wakawa wananitania, "Karani, hereni umeshawavika, lipstiki lini?"

Juzi mama mmoja mjane wa ukoo jirani aliibiwa ng'ombe wake wote, niliokuwa nimewavika hereni hizo. Yowe likapigwa, vijana wakafuata nyayo, zikapotea mtoni. Mimi nikafungua simu. Wako kwenye boma la baba mdogo.

Nilienda kama mtu anayepita kusalimia. Nikawaona, wanacheua. Nikamuuliza baba mdogo wametoka wapi.

"Mnadani, mura. Mbona unawatazama masikio? Kwani hereni zinasema?" Akacheka, akaagiza niletewe uji. Nikanywa.

Kwetu nyayo zikiishia kijijini, kijiji kizima kinabeba lawama. Hiki kidoti cha simu kinaishia mlangoni kwa mtu mmoja.

Mhandisi wa hao ndugu wa nje, aliyeko Kanada, naye amekiona, na amefurahi sana. Jumamosi atawaonyesha wazee wa koo zote mbili, kwa video, ramani yenye kidoti hicho. Nikamsihi, "Kaka, subiri, watu watakatana mapanga." Akasema, "Mdogo wangu, woga wenu ndio unaturudisha nyuma. Kazi hii isipoonekana Jumamosi, wenzangu wanaipeleka kwingine." Yeye akimaliza atazima kompyuta. Mimi nitabaki hapa.

Nikimwonya baba mdogo, atazikata hereni, mjane hatawaona tena ng'ombe wake, na hakuna ndugu wa nje atakayetuletea kitu tena. Nikinyamaza, nimemuua aliyenilea. Njia ya tatu nimeitafuta, sijaiona.

Ningekuwa mdogo wenu, mngeniambia nifanye nini? Msinitafute inbox, ofisini watu huchungulia simu yangu. Andikeni hapa chini neno moja tu, "mwonye" au "nyamaza". Nitasoma Ijumaa nikiwa Sirari, mahali wasiponijua.