Kidole Kinywani mwa Mkunga

Chizuru amewaongoza wazamiaji baharini pale Izu kwa miaka thelathini. Jumapili moja mgeni wake, Hatakeyama, alimchokoza kwa kidole mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, pangoni chini ya maji, naye mkunga akamng'ata. Hatakeyama akaanza kuvuta. Chizuru akaudaka mkono wake, akaubana mwambani usisogee, maana meno ya mkunga yamepinda kuelekea ndani, na anayevuta hujichana mwenyewe. Wakatulia, wakipumua hewa ya mitungini, mpaka mkunga akaachia.

Ufukweni, Chizuru alipokuwa akikifunga kidonda, Hatakeyama alilalamika, "Mama, ulitaka niliwe?"

"Ungevuta, ungerudi na vidole vinne. Haya, vihesabu."

Akavihesabu, vikatimia vitano. "Kesho tunazama tena?"

"Wewe nenda hospitali. Mimi ndiye nitakayezama."