Nilivyoketi Mbele ya Goli Siku ya Kuchagua Mabeki

Mimi si mtu wa kuona haya ovyo. Nimezaa watoto sita, nimezika mume, nimeuza mboga hapa Mbotela miaka mingi na nimegombana na askari wa kanjo, wale wa jiji, mpaka mmoja akanikimbia akaacha kofia yake (niliitumia kubebea mayai). Lakini haya niliyoyafanya Jumamosi ile, jamani, mpaka leo nikiyakumbuka peke yangu jikoni najifunika uso na kitambaa cha vyombo. Na kwa vile picha yangu imezunguka kwenye simu za watu mpaka Donholm huko, na kila mtu anaisimulia anavyotaka, wacha nijisemee mwenyewe. Aliyeanguka ndiye anajua ardhi ilikuwa ngumu kiasi gani.

Nina mjukuu anaitwa Nekesa, wa kijana wangu wa kwanza, Wafula. Nimemlea mimi. Ana miaka kumi na tisa, mrefu, mkimya, na mikono yake ukiishika ni kama umeshika mpini wa jembe. Anacheza hoki. Sasa mimi mpira ninaoujua ni wa miguu, maana marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli na kila Jumapili baada ya kanisa alinipeleka kuona timu yao ya kazini ikifungwa. Hii hoki ni ya fimbo zilizopinda na kampira kagumu kama jiwe, na Nekesa kazi yake ni beki, yaani wale wa kukaa nyuma kuzuia.

Jina hilo la Nekesa ni la mama ya mume wangu. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, anakuja na heshima ya huyo mtu, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa neno moja. Akisema keti, unaketi. Akisema inuka, uko mlangoni. Kwa hiyo huyu mtoto tangu akiwa na miaka mitano alijua akiniita "mkaza mwana", yaani mke wa mwanawe, mimi napiga goti. "Mkaza mwana, chai yangu iko wapi?" Namjibu, "Inakuja, mama." Majirani wa ploti nzima wanacheka. Ni utani wetu wa nyumbani, lakini niwaambie ukweli, kuna siku ananiita kwa sauti ile na mgongo wangu unanyooka wenyewe.

Sasa Jumamosi hiyo ilikuwa ya mabeki peke yao. Klabu tano za ligi zilikuja kwenye uwanja wa shule moja kule upande wa Buruburu, zikaleta mafowadi wao wa kuwasumbua wale wasichana, na jioni kila klabu ingetaja jina moja kwa zamu, halafu jina la pili, kama watu wanaogawana nyama ya ng'ombe. Wasichana walikuwa ishirini na zaidi. Wa kuchukuliwa kumi. Na Nekesa alikuwa amemaliza shule mwaka uliopita na kukaa nyumbani akingoja siku hiyo tu, kwa sababu klabu ikikuchukua inakutafutia chuo au kazi, na asipochukuliwa, baba yake alikuwa ameshasema bila kupepesa macho: Jumatatu asubuhi anapanda basi kwenda Kitale kwa shangazi yake kuuza kwenye duka lake la mbolea. Fimbo ibaki.

Mwalimu wake, Mutiso, Mkamba mmoja mpole anayefanya kazi ya ukarani mjini na kufundisha wasichana jioni, alikuja kwangu Ijumaa akaniambia, "Mama, njoo, lakini ukae ule upande mwingine na wazazi wenzako. Na tafadhali, usimwite. Beki akiitwa anapotea." Nikamwambia, "Mwalimu, mimi ni mtu mzima, najua kunyamaza." (Hapo mume wangu angekuwa hai angecheka mpaka akohoe.)

Basi nikaenda na kigoda changu, thamosi ya chai na mandazi. Upande wa wazazi ulikuwa na jua la kuchoma, na upande wa wale wachaguzi ulikuwa na hema. Nikaamua nisogee kidogo tu, nikae nyuma ya hema, nipate kivuli na nisikie wanasema nini. Hiyo ndiyo hatua iliyoniponza. Ile ya kufuata kivuli.

Mchezo ukaanza. Wasichana wengine, nawaambia, walikuwa wanaruka! Mmoja wa namba tisa alitoka nyuma akakimbia na mpira mpaka mbele, watu wakapiga makofi, mama yake, mmama wa Buruburu mwenye miwani ya jua (naye alikuwa amefuata kivuli), akapiga makofi kuliko wote. Na Nekesa wangu? Amesimama. Anatembea hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto, anainua mkono anaonyesha wenzake kitu, anasimama tena. Mpira ukija upande wake haufiki, unakatika katikati unarudi. Mimi nikaona uvivu! Usiku mzima nimemwombea, asubuhi nimempa mayai mawili, halafu amesimama kama anangoja foleni ya maji.

Mama wa miwani akanigeukia. "Mama, huyo namba nne ni wako?"

"Ni wangu."

"Ni mchezaji ama ni mti wamepanda?"

Hapo hapo nikasikia kwenye hema mzee mmoja akiuliza, "Namba nne mmeona nini?" na mwanamke aliyevaa kofia ya bluu, mwembamba, meno ya mbele mawili hana (baadaye niliambiwa naye alikuwa beki, meno aliyaacha uwanjani), akasema, "Sijamwona kabisa," na akaandika.

Hawajamwona! Mtoto anaenda Kitale kuuza mbolea kwa sababu ya kusimama! Sikujua, na ningejuaje, kwamba beki akikaa mahali pake sawasawa mpira haupiti huko, na kwa hawa watu kusema hawakumwona ilikuwa ni sifa. Nikaacha kigoda, nikaenda mpaka kwenye mstari wa chokaa wa uwanja.

"Nekesa! Panda mbele! Kimbia watu wakuone!"

Akanitazama. Akatikisa kichwa, kidogo sana.

"Nimesema panda! Mimi ndiye nakuambia!"

Na huyu mtoto nilimlea kutii. Sijawahi kumwambia jambo mara ya tatu. Akapanda. Akachukua mpira akakimbia nao vizuri, mimi nikaanza kupiga vigelegele, na vigelegele havijaisha mdomoni fowadi mmoja akamnyang'anya mpira, akaupiga ule upande aliouacha Nekesa wazi, mweupe kama mlango wa nyumba iliyohamwa, na ko! Bao.

Nikageuka nikamwona yule wa kofia ya bluu akifuta kitu kwenye daftari. Hakuandika. Alifuta.

Yesu wangu. Nilimwona Nekesa akirudi mahali pake akiwa ameinamisha kichwa, na nikaelewa kwa ghafla, kama mtu aliyemwagiwa maji, kwamba ni mimi. Si fowadi, si refa. Mimi na mdomo wangu.

Sasa mtu mwenye akili angerudi kwenye kigoda. Mimi nikasema, hapana, kosa ni langu, wacha nikaliseme. Refa alikuwa upande wa pili wa goli, na njia fupi ya kumfikia ilikuwa kupita mbele ya goli, nami nikaona mpira uko mbali kule mwisho wa uwanja, nikainua rinda nikaingia. Thamosi mkononi.

"Refa! Refa, baba! Hilo bao usihesabu! Huyo mtoto nilimtuma mimi!"

Refa alikuwa amenipa mgongo. Vijana wa nje wakaanza kuniita nyanya kwa sheng yao, kwa kelele. "Shosh, toka! Shosh, cheki mpira!" Nikadhani wananishangilia, nikawapungia mkono. Kumbe ule mpira uliokuwa mbali haukuwa mbali tena. Katika hoki kitu kinatoka kule na kufika hapa kabla hujamaliza neno. Nikageuka nikaona wasichana watatu wanakuja kwangu mbio, fimbo chini, macho kwenye mpira, na yule wa mbele ameshainua fimbo yake kupiga, na kati yake na goli ni mimi, miaka yangu na thamosi yangu.

Sikuweza kusogea. Mnisamehe, hata kuomba sikuomba.

Ndipo nikasikia sauti. Haikuwa sauti ya Nekesa ninayemjua, ilikuwa imetoka chini kabisa, kavu, ya amri.

"Mkaza mwana! Keti!"

Nikaketi.

Sikufikiri. Sikuangalia niko wapi. Makalio yakaenda chini kwenye nyasi pu! kama gunia la viazi limeshushwa kwenye lori, miguu mbele, kitambaa cha kichwa kikaruka, thamosi ikafunguka chai ikanimwagikia mapajani, na nikatulia, nimeweka mikono magotini kama bibi arusi jikoni kwa mama mkwe. Fimbo ya yule fowadi ikapita hewani pale kichwa changu kilipokuwa, mpira ukatoka, na Nekesa akatokea ubavuni, akajinyoosha chini kabisa, akalaza fimbo yake kwenye nyasi na kuuzuia hatua moja kutoka goti langu. Nikasikia ule mlio. Ungekuwa mfupa wangu, ungesikika Jogoo Road.

Kisha filimbi. Kisha, Mungu wangu, kicheko cha uwanja mzima.

"Shosh amekalishwa!"

Na kuinuka sikuweza! Walikuja vijana wawili wakanishika kwapani, mmoja ananiuliza, "Niaje shosh, uko fiti?" na wa tatu yuko mbele yetu na simu anarudi kinyumenyume akinipiga picha, rinda limelowa chai mahali pabaya kuliko pote, wakanipitisha mbele ya hema la wachaguzi kama mgonjwa. Mwalimu Mutiso alikuwa amekaa chini ameshika kichwa. Sikumwambia pole. Pole ingetosha nini?

Jioni wakaanza kutaja majina. Nilijificha nyuma ya ukuta wa vyoo, nikisikia tu. Jina la kwanza, la pili, la tatu, mpaka klabu zote tano. Nekesa hayumo. Wakaanza duru ya pili. Sita. Saba. Nane. Tisa. Namba tisa yule mkimbiaji naye hakuitwa, nikamwona mama yake ametoa miwani anafuta macho. Nilidhani ningefurahi. Sikufurahi.

Ikabaki klabu moja, ya yule wa kofia ya bluu. Akasimama, akamwita Nekesa mbele kabla ya kutaja mtu.

"Yule mama ulijuaje atakaa?"

"Ni mkaza mwana wangu," Nekesa akasema, akaona aibu. "Nyumbani... ananitii."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nilikuwa nimekufuta," akasema. "Uliacha lango wazi kwa sababu mtu wa nje amekuita. Beki wa namna hiyo simtaki. Lakini sijaona leo beki mwingine aliyefungua mdomo kumpanga mtu aliye mbele yake. Wote wanacheza bubu. Wewe umesema maneno matatu na uwanja ukapangika." Akageuza ukurasa. "Nakuchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Ukitoka tena mahali pako kwa kuitwa na jukwaa, unarudi kwenu. Na huyo nyanya yako, ninamwona kule nyuma ya choo, simtaki kwenye mechi yangu hata moja."

Basi huo ndio ushindi wangu. Wa mwisho kati ya kumi, kwa majaribio, na mimi nimefukuzwa nikiwa nyuma ya choo. Ningenyamaza, Mwalimu Mutiso aliniambia kwa upole wake, angeitwa wa pili au wa tatu, na bila masharti.

Tulirudi Mbotela kwa miguu, mimi nimejifunga sweta lake kiunoni kuficha chai. Nikajaribu utani, nikamwita mama, hakuitika. Tulipofika mlangoni akaweka fimbo chini, akanisaidia kuvua viatu kwa sababu nilikuwa siwezi kuinama, na akasema, akiniita kwa lugha yetu kama mjukuu, bila hasira, kama mtu anayekuambia nyanya zimepanda bei:

"Kukhu, ningekosa leo, ningekuchukia."

Nimetukanwa na kanjo, nimetukanwa na wateja, hata mama mkwe mwenyewe alinisema miaka thelathini. Hakuna neno lililowahi kunipiga hivyo. Nikaenda kuweka maji ya kuoga motoni, yake kwanza.

Kwa hiyo ninyi mnaokuja kwenye mboga zangu na simu zenu kunionyesha nimekaa kwenye nyasi, chekeni, ni haki yenu, hata mimi nimeicheka mara moja. Lakini msinialike mechi yoyote. Harambee nitakuja, matanga nitakuja, harusi nitakuja na sufuria zangu mwenyewe. Penye mtoto wangu anafanya kazi anayoijua na mimi siijui, nimeapa, sikanyagi tena.